Nambari ya Bastola na Daftari Lililo Mbali

Katika mirathi za wazee wa Bujumbura, baina ya hati za viwanja, pasi za zamani zenye muhuri wa Ruanda-Urundi, saa ya mfukoni iliyokwisha simama na msahafu au Biblia iliyofungwa kitambaa, hutokea mara moja moja kitu ambacho warithi hawakukitazamia, na ambacho wakikiona hushusha sauti zao: bastola ya kale ya silinda, ambayo watu wa sasa huiita rivolva, nzito kuliko ilivyodhaniwa, imo ndani ya mkoba wa ngozi iliyokauka, na katika chuma chake pana tarakimu nne au tano zilizopigwa na fundi aliyefariki kabla ya wote waliopo chumbani kuzaliwa. Suali la kwanza aghalabu huwa la bei, kwa kuwa hakosekani mmoja katika warithi aliyekwisha sikia kwamba bastola kuukuu ziliuzwa mnadani huko Ulaya na Marekani kwa fedha za kununulia jumba. Na suali hilo si la aibu, ila limetangulia mahali pake. Mbele yake liko suali la sheria, na baina ya hayo mawili liko suali la maarifa, ambalo ndilo hasa makala haya yamekusudia kulieleza: nambari ile husema nini, na ni nani awezaye kuisikia.

La sheria nilimalize upesi, madhali halina utata mwingi. Sheria ya Burundi ya tarehe 28 Agosti 2009 juu ya silaha ndogo na nyepesi haikumwachia raia nafasi ya kukaa na bastola nyumbani pasipo kibali cha serikali, na hoja ya kwamba ilikuwa ya marehemu babu, au kwamba imeota kutu, si kinga. Mrithi mwenye busara haifungi katika gazeti na kupita nayo mitaa ya Bwiza na Buyenzi kuitafutia mnunuzi. Huiacha palepale ilipo, huwaarifu polisi waje waichukue, na katika kungoja huko haigusi nyundo yake wala haijaribu kuona kama silinda ingali inazunguka. Risasi iliyolala katika chumba chake miaka mingi yaweza kuwa imekufa, na yaweza pia kuwa imelala tu. Baada ya hayo hapana sheria inayomkataza mtu kujua alichorithi, na maarifa hayo yana manufaa hata kwa yule ambaye hatapata senti moja kutokana nayo.

Bastola ya silinda ina sehemu tatu za kutazamwa kwanza: kiunzi, ambacho ndicho mwili wake hasa, mtutu, unaopitisha risasi, na silinda, lile pipa dogo lenye vyumba vitano, sita au saba ambalo huzunguka chumba kimoja kila nyundo inapovutwa nyuma. Nambari ya mfululizo, yaani ile ambayo kiwanda kilimpa kila mtoto wake kwa utaratibu wa kuzaliwa, yaweza kuwa chini ya kitako cha mpini, au ubavuni mwa kiunzi, au chini ya mtutu, na viwanda vingine viliirudia mahali pengi: katika Colt ya mwaka 1873, mathalani, ile iliyotukuzwa na sinema za wachunga ng'ombe, nambari hupigwa chini ya kiunzi, juu ya kizingiti kinachokinga kifyatulio, na juu ya uti wa mpini, nazo sharti zilingane zote tatu. Lakini si kila tarakimu iliyo juu ya chuma ni nambari ya mfululizo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika rivolva za Smith & Wesson ambazo silinda yake hufunguka kwa ubavu, mtu akiifungua huona tarakimu katika mkono ule unaoshika silinda, akazinakili kwa furaha, ilhali hizo ni alama za mafundi tu za kutambua vipande vilivyopimwa pamoja, na nambari yenyewe iko chini ya kitako. Wengine hunakili kipenyo cha risasi. Wengine, na hawa ni wengi zaidi, hunakili mwaka wa hataza: katika viunzi vya Colt niliyoitaja mliandikwa miaka ya 1871, 1872 na 1875, ambayo ndiyo miaka serikali ya Marekani ilipozipa hifadhi mbinu zake, na bastola iliyotoka kiwandani miaka mingi baadaye iliweza kubeba miaka hiyo hiyo, basi asiyejua huongeza umri wa mali yake kwa robo karne bila ya kukusudia uwongo.

Tuseme basi kwamba nambari ya kweli imepatikana, nayo ni 4127. Imesema nini? Haijasema kitu. Kiwanda cha Colt kilianza kuzihesabu bastola za muundo ule kwa 1 mwaka 1873 na kikapita 350,000 kabla kazi haijakatizwa zama za vita vikuu vya pili, kwa hiyo ndani ya hesabu ile 4127 ni moja na haina pacha. Lakini Colt ilikuwa na miundo mingine mingi, na kila muundo ulikuwa na hesabu yake. Wajerumani katika bastola zao za kijeshi walikuwa na desturi nyingine: hesabu ilifika 10,000 ikaanza upya na herufi ndogo ikaongezwa chini yake, na katika bastola mashuhuri ya Luger ya mwaka 1908 hesabu ilianza tena kila mwaka mpya, hata 4127 isiyo na herufi wala mwaka huwa jina la watu kadha wa kadha. Nambari ni ufunguo, na ufunguo hauna maana isipokuwa pana kufuli. Kufuli lenyewe ni daftari la kiwanda, au la duka, au la jeshi, ambamo karani fulani aliandika siku ile kwamba bastola hii ilitoka, ikiwa na mtutu wa urefu huu, mpini wa mti au wa pembe, ikapelekwa kwa fulani. Ikiwa daftari limehifadhika, chuma hupata nasaba. Ikiwa liliungua, au halikuandikwa kamwe, hubaki chuma.

Colt na Smith & Wesson wamebahatika kwa kuwa madaftari yao mengi ya mauzo yamesalia, na mwenye kuhitaji hulipa ada akaandikiwa barua rasmi yenye habari za bastola yake; barua hiyo hufuatana nayo mnadani kama cheti cha ndoa. Lakini rivolva itakayoonekana katika sanduku la mzee wa Bujumbura si lazima iwe imetoka Marekani. Mji ulio karibu zaidi na habari zetu, kwa sababu ya wale waliotutawala, ni Liège, mji wa Ubelgiji ulio ukingoni mwa mto Meuse, ambao kwa muda wa karne nyingi uliunda bunduki na bastola kwa ajili ya dunia nzima, na ambao mwanzoni mwa karne ya 20 silaha zilizopita katika nyumba yake ya majaribio zilizidi milioni moja kwa mwaka mmoja. Humo ndimo ndugu wawili, Émile na Léon Nagant, walimounda rivolva ambayo jeshi la Ubelgiji liliichagua kwa maofisa wake mwaka 1878, na mwaka 1895 Warusi wakachukua muundo wao mwingine wa vyumba saba, ambao silinda yake husogea mbele na kuubana mtutu ili moshi usivuje. Lakini kwa kila Nagant moja yenye jina, mafundi wa Liège waliokuwa wakifanya kazi katika vibanda na nyumba zao walitoa makumi ya bastola zisizo na jina, nyingi zikiwa ni nakala za miundo ya Waingereza, Wafaransa na Wamarekani, zilizouzwa kwa jumla kwa wafanyabiashara wa kila bahari. Nambari iliyo juu ya bastola ya namna hiyo ni hesabu ya kibanda tu. Hapana daftari lake Liège, wala Brussels, wala popote.

Je, bastola hiyo ni bubu kabisa? La, na hili ndilo jambo linalonipendeza mno katika elimu hii. Mwaka 1672 mtawala wa Liège, Maximilian Henry, aliyekuwa askofu na mwana wa ukoo wa kifalme wa Bavaria kwa pamoja, aliamuru mitutu ijaribiwe kabla ya kuuzwa, na mwaka 1810, zama za Napoleon, majaribio hayo yakawa faradhi: mtutu hujazwa baruti kupita kadiri yake ya kawaida, ukafyatuliwa, na ukipasuka umejihukumu, na ukisalimika hupigwa alama. Alama ile kuu ni duara refu kama yai, ndani yake herufi E, L na G, na chini ya herufi nyota ndogo. Mwaka 1893 wakaongeza taji juu ya yai. Iko alama nyingine ya mkaguzi, ambayo ni herufi moja: kabla ya mwaka 1877 herufi hiyo iliwekwa chini ya taji dogo, na baada ya mwaka huo chini ya nyota. Iko sanamu ya nguzo ya Perron, ambayo ni fahari ya mji ule. Na kuanzia mwaka 1922 ikaongezwa herufi inayoutaja mwaka wenyewe. Sasa mtu aliyechukua kioo cha kukuzia akaona yai lisilo na taji, na kando yake herufi ya mkaguzi chini ya nyota, amekwisha jua, bila daftari na bila kumwuliza mtu, kwamba bastola iliyo mbele yake ilijaribiwa baina ya mwaka 1877 na mwaka 1893. Nambari imenyamaza, nazo alama zilizo kando yake zimesema. Ndiyo maana wajuzi humsihi mrithi asinakili nambari peke yake, bali kila alama aionayo, hata ile anayoidhani ni mkwaruzo.

Kwamba bastola ya Liège isiyo na jina haina thamani kubwa ni kweli; katika minada ya Marekani nyingi huondoka kwa dola mia moja au mia mbili, na dalali hajikohozi koo kwa ajili yake. Walakini ni bastola mojawapo ya jamaa hizo za bei rahisi iliyotoa mfano ulio mzuri kuliko yote wa uwezo wa nambari. Tarehe 10 Julai 1873 mshairi wa Kifaransa, Paul Verlaine, aliingia katika duka la bunduki la Montigny mjini Brussels, akanunua kwa faranga 23 rivolva ya muundo wa Lefaucheux, yenye vyumba sita na kipenyo cha milimita 7, ya aina ile ambayo kila risasi ina msumari mdogo uliochomoza ubavuni. Siku ile ile, katika chumba cha hoteli, akiwa amelewa na ameshikwa na wivu, alimfyatulia rafiki yake Arthur Rimbaud, kijana wa miaka 18 ambaye ushairi wake ulikuwa umekwisha mpita mwalimu wake, na risasi moja ikampata katika kifundo cha mkono wa kushoto. Verlaine alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Rimbaud aliuacha ushairi, akavuka bahari akaja upande huu wa dunia, akafanya biashara Aden na Harar, na katika miaka ya 1886 na 1887 akaongoza msafara wa bunduki kwenda kwa Menelik, mfalme wa Shewa. Aliyejeruhiwa kwa bastola ya Brussels akawa yeye ndiye mchuuzi wa bunduki katika pembe ya Afrika, na dunia haikosi dhihaka za namna hiyo. Bastola yenyewe baada ya kesi ilirudi dukani, ikakaa huko zaidi ya karne moja, hata duka lilipofungwa ikaingia mikononi mwa mtu binafsi. Nani angesadiki kwamba ni ile ile? Katika Ubelgiji ya zama zile Lefaucheux za milimita 7 zilikuwa nyingi kama mchanga. Lakini juu ya chuma chake mlikuwa na 14096, na katika daftari la Montigny 14096 iliandikwa kuwa imeuzwa tarehe 10 Julai 1873. Mwezi wa Novemba 2016 dalali wa Christie's mjini Paris aliiuza kwa euro 434,500, mara sita na zaidi ya makadirio yake mwenyewe.

Na atazame msomaji kwamba daftari lililoinua bei ile halikuwa la kiwanda, bali la mwenye duka, karani wa mtaani aliyetimiza wajibu wake wa siku.

Kwa upande wa pili iko bastola nyingine ya Lefaucheux, ya kipenyo hicho hicho, ambayo mkulima aliiokota katika miaka ya 1960 shambani, katika kijiji cha Auvers-sur-Oise, karibu na mahali ambapo mchoraji Vincent van Gogh alijipiga risasi mwezi wa Julai 1890. Kutu ilikuwa imeila hata haikubaki nambari wala daftari la kuifuata. Palibaki mahali ilipookotwa, kipenyo kinacholingana na maneno ya daktari aliyemhudumia mchoraji, na umri wa kutu. Mwaka 2019 iliuzwa Paris kwa euro 162,500, nayo ilitangazwa kuwa ni ya van Gogh kwa kukisia. Van Gogh ni mashuhuri kuliko Verlaine mara mia. Walakini bastola yake haikufikia nusu ya bei ya bastola ya mshairi, na tofauti hiyo, kwa rai yangu, kwa sehemu kubwa ni malipo ya ule mstari mmoja wa daftari.

Wamarekani wana mfano wao. Bastola ya Colt ambayo polisi Pat Garrett alimwulia mhalifu kijana aliyeitwa Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa na madalali wa Bonhams mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 6. Nayo ilikuwa na barua ya Garrett mwenyewe, na juu ya barua ilikuwa na kesi, kwa maana mjane wake katika miaka ya 1930 alilazimika kwenda mahakamani kuidai kutoka kwa warithi wa mtu aliyeazimwa, akashinda. Kesi ni jambo la taabu kwa walioshtakiana, lakini kwa mnunuzi wa vitu vya kale ni neema, kwa kuwa mahakama huandika.

Turudi kwetu. Kusini mwa Bujumbura, katika Mugere, liko lile jiwe kubwa ambalo watu huonyeshwa kwamba wasafiri Livingstone na Stanley walipita hapo, limechorwa tarehe 25 Novemba 1871. Stanley alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na katika kitabu chake ameorodhesha silaha alizotoka nazo pwani: bunduki za kupakiwa nyuma za namna kadha wa kadha, gobori 24 za jiwe la kiberiti, bastola 6 za mtutu mmoja, na rivolva 2. Alitaja idadi, hakutaja nambari. Kwa hiyo kila rivolva kongwe itakayochimbuliwa baina ya Bagamoyo na mdomo wa mto Rusizi yaweza kupambwa kwa jina la Stanley na mtu mwenye ulimi mwepesi, na hapana awezaye kumsuta wala kumthibitisha. Nami humwonya yeyote atakayeletewa hadithi hiyo aanze kwa kutazama alama za Liège, maana yai lenye taji juu yake lilianza mwaka 1893, na wakati huo Stanley alikuwa amekwisha rudi Uingereza moja kwa moja.

Liko jambo lingine la historia yetu ambalo nadhani halijulikani sana. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba mkuu wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka vifungu vya kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika eneo lote la Afrika lililo baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya mstari wa ikweta, ambamo nchi zote za maziwa zimo. Gobori za jiwe la kiberiti ziliachiwa njia. Silaha zilizo bora zaidi ziliwekwa katika ghala za serikali, na msafiri aliyeruhusiwa kuwa na yake kwa kujilinda ilimpasa iandikwe katika daftari na ipigwe alama, kisha apewe kibali chenye jina lake na sura ya alama ile, kwa muda wa miaka mitano tu, nacho chaweza kufutwa akikitumia vibaya. Sisemi kwamba nia za waliotia sahihi zilikuwa safi. Waliwafungia wenyeji ghala huku wenyewe wakijijengea majeshi, na kabla ya karne kwisha Wajerumani walikuwa wamekwisha simamisha boma lao Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Lakini kwa mtu wa elimu ya bastola maana yake ni hii: rivolva ya Mzungu iliyoingia bara kwa halali katika miaka ile yapasa kuwa na alama mbili, ya kiwanda na ya forodha, na hiyo ya pili ndiyo inayoweza kuonyesha kwamba kweli ilikuwa Afrika wakati huo, wala haikuletwa juzi ndani ya sanduku.

Bei, hata nasaba ikiwa imepatikana, hutegemea hali. Mkusanyaji hutazama kwanza kama nambari zilizorudiwa katika vipande zinalingana, kwa sababu silinda yenye nambari ngeni ni dalili kwamba bastola mbili zimefanywa moja. Rivolva za Nagant za Urusi ni funzo zuri: baada ya vita vikuu vya pili ghala za Kisovyeti zilizifungua kwa wingi, zikazisafisha, zikazichanganya vipande, na nambari ya zamani ikakatwa kwa mstari na mpya ikapigwa kando yake. Kazi hiyo ilikuwa ya halali na bastola ilirudi imara, lakini mkusanyaji hulipa kidogo kwa yenye nambari iliyokatwa, na hulipa zaidi kwa ile ambayo vipande vyake havijawahi kuachana tangu kiwanda cha Tula, Urusi, au cha Liège. Kisha hutazama rangi. Chuma kilipotoka kiwandani kilikuwa na weusi wa kibuluu, na weusi huo ukiwa umefifia kwa kushikwa na kuwekwa katika ngozi, wakusanyaji huuheshimu, na kumbe sisi huuona ni uchafu. Mtu wa Bujumbura, ambaye unyevu wa ziwa umemfundisha kupigana na kutu maisha yake yote, akiona chuma cha kahawia mkono wake huenda wenyewe kwenye msasa. Akasugua mpaka king'ae, na katika kusugua makali ya herufi yakamezwa, pembe za kiunzi zikawa mviringo, na theluthi mbili ya thamani ikaanguka sakafuni pamoja na vumbi. Kuna na wabaya waliojifunza kuchonga nambari upya ili bastola ya kawaida ijitwalie nasaba ya nyingine. Hao mara nyingi hujulikana kwa sura ya tarakimu zao, kwa kuwa kila kiwanda kilikuwa na mihuri yake ya chuma, na tarakimu ya 4 au ya 7 ya Colt haifanani na ya Liège. Hujulikana pia kwa bonde dogo linaloachwa na tupa pale maandishi ya kwanza yalipofutwa.

Mwaka ambao nambari huutaja una kazi nyingine, nayo ni ya kisheria katika nchi za wanunuzi. Marekani, silaha iliyoundwa kabla ya mwaka 1899 huhesabiwa katika sheria ya taifa kuwa ni kitu cha kale, na haina masharti ya silaha za kawaida. Ufaransa imeweka mpaka wake tarehe 1 Januari 1900, pamoja na mambo kadha yaliyotolewa. Bastola mbili zilizofanana kama mayai, moja ya Desemba 1898 na moja ya Januari 1899, zimesimama kila moja upande wake wa ukuta, na jambo la kuzitenganisha ni mstari wa karani. Lakini mrithi wa Bujumbura asidhani kwamba uhuru wa mnunuzi wa Texas unamfikia yeye. Hapa kwetu hiyo ni silaha, na kuitoa nchini pasipo idhini ya serikali zote mbili ni magendo, hata kama dalali wa huko ana hamu nayo kiasi gani.

Burundi ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, ambayo inataka kila silaha ndogo iwe na alama ya nchi ilikoundwa, jina la mwundaji na nambari yake ya mfululizo, na ile inayoingizwa nchini ipigwe alama ya nchi na mwaka wa kuingia, juu ya mtutu na juu ya kiunzi. Wakusanyaji wa ng'ambo huilalamikia chapa hiyo mpya, wakisema huharibu uso wa kitu cha kale na kushusha bei yake. Nao wana haki katika hesabu zao. Ila nawakumbusha kwamba chapa ya forodha ya zama za mkataba wa Brussels, ambayo siku ilipopigwa bila shaka ilimchukiza mwenye bastola yake mpya, leo ndiyo wanayoitafuta kwa kioo, na wakiipata huongeza bei.

Kwa warithi, basi, kazi iliyobaki ni ya kalamu. Kabla polisi hawajaichukua, na bila kuiinua wala kuigeuza, mtu aweza kuipiga picha kwa upande ule inaoonekana. Na ofisini, mbele ya mpokeaji, aombe ipigwe picha pande zote, nambari na alama zote zinakiliwe kama zilivyo bila kuzitafsiri, na stakabadhi iandikwe nambari hiyo, si maneno matupu ya «bastola moja kuukuu». Nyumbani, waliomjua marehemu ambao wangali hai waulizwe aliipata kwa nani, katika kazi gani na mwaka gani, na majibu yao yaandikwe pamoja na majina yao na tarehe ya siku ile. Nyumba ya majaribio ya Liège ingali inafanya kazi, na picha za alama zake zinaweza kupelekwa kwa wajuzi. Viwanda vya Marekani hujibu kwa ada. Majibu yakija huwekwa katika faili moja na stakabadhi.

Na iwapo yatakuja yakisema kwamba ni nakala ya Liège ya miaka ya 1880, isiyo na jina la mwundaji, yenye thamani ya dola mia na ushei, hayo nayo ni majibu.